Adabu ya Kungoja Zamu Katika Mchezo wa Poka

Mezani pa karata huonekana kosa moja ambalo karibu kila mtu huliita dogo. Mtu amepewa karata zake, amezitazama, ameziona mbaya. Zamu yake haijafika; mbele yake yuko mwenzi anayefikiri bado. Yeye hangoji. Azitupa karata, ajiegemeza kitini, aanza kusimulia habari za safari yake. Akikemewa, hustaajabu. "Nimemdhuru nani?" auliza. "Karata zilikuwa zangu, nami nimezitupa. Sikugusa hata senti ya mtu."

Swali lake ni swali la haki, nalo lastahili jibu la kweli. Maana kama hakumdhuru mtu, basi wanaomkemea ni watu wa kupenda sheria bure. Na kama amemdhuru mtu, yafaa kumjua mtu huyo ni nani.

Kwanza lazima kueleza mchezo wenyewe, kwa ajili ya wale wasioujua. Poka ilizaliwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, katika nchi za chini za mto Mississippi, pande za New Orleans, na merikebu za mvuke ziliupandisha mchezo huo mtoni pamoja na wasafiri na wafanya biashara. Hapo kwanza walitumia karata 20 tu. Baadaye zikawa 52, zile zile ambazo Waswahili huziita kopa, uru, pau na shupaza, kwa majina yaliyotoka katika lugha ya Kireno.

Siku hizi namna ichezwayo zaidi ni ile ya Texas. Kila mchezaji hupewa karata 2 za siri. Kisha karata 5 hufunuliwa katikati ya meza, nazo ni za wote: kwanza 3 pamoja, halafu 1, halafu 1 ya mwisho. Zamu ya kuweka dau huizunguka meza mara nne: kabla ya karata za katikati, na tena kila baada ya kufunuliwa. Zamu huenda upande wa kushoto. Anayefikiwa aweza kuweka dau. Au kulilipa dau la mwenziwe, au kuliongeza, au kutupa karata zake na kutoka katika duru ile. Ikiwa hakuna aliyeweka kitu, aweza kuiacha zamu ipite bure. Mbele ya mtu mmoja huwekwa kisahani kidogo cha kuonyesha kwamba ndiye mwenye nafasi ya mgawaji, na baada ya karata za katikati kuanza kufunuliwa huyo husema wa mwisho. Kila duru kisahani husogea kiti kimoja.

Kwa nini kisogezwe? Kwa sababu kusema mwisho ni faida, na faida hiyo yapasa kumfikia kila mtu. Katika mchezo huu kila mmoja huficha alicho nacho. Mwenye kutaka kujua karata za wenziwe hana njia ila kutazama walivyotenda zamu zao zilipofika. Huyu ameongeza dau, yule amesita, yule ametupa. Kila tendo ni habari, na habari ndiyo mali kubwa ya meza ile, maana ndiyo inayoihamisha fedha. Msemaji wa mwisho amekwisha kupokea habari za wote, naye hajatoa yake.

Sasa tazama mfano. Watu watatu wamebaki, na karata zote 5 za katikati zimekwisha kufunuliwa. Kitita kilichopo ni franki 100. Wa kwanza hana karata za maana, lakini aona wenziwe wana mashaka, basi aweka dau la franki 50 kusudi awatishe. Hesabu yake ni hii: wa pili ana karata za wastani, akitaka kulipa 50 zake, hana budi kumwogopa wa tatu aliye nyuma yake. Huyo wa tatu bado hajasema. Aweza kuliongeza dau, na hapo wa pili atalazimika kulipa tena zaidi au kuzipoteza zile 50 alizokwisha kutoa. Hofu ya mtu wa tatu ndiyo ngao ya mtu wa kwanza. Wa pili ashika kichwa, afikiri. Mara wa tatu, aliyechoka kungoja, atupa karata zake.

Ngao imevunjika. Wa pili hana tena wa kumwogopa nyuma yake. Akitoa 50 aweza kupata 150. Yamtosha kushinda mara moja katika nne asipate hasara. Alipa. Karata zafunuliwa, naye akichukua kitita chote.

Basi, nani amedhuriwa? Watu wengi husema: yule wa pili, kwa kuwa ndiye aliyerukwa. Na mtupaji, akiwa mwungwana, humgeukia huyo na kumwomba radhi. Lakini wa pili hakudhurika hata kidogo, amepewa zawadi. Aliyepata hasara ni wa kwanza, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha kupita, aliyefanya yote kwa utaratibu, na ambaye hakuna mtu aliyemtazama wala kumwomba radhi. Mtupaji mwenyewe hakupata kitu. Ameiondoa mali mkononi mwa huyu na kuitia mkononi mwa yule, kisha akaendelea na hadithi ya safari.

Karata zilikuwa zake kweli. Wakati haukuwa wake. Mtu wa kwanza alizitoa franki 50 akitegemea kwamba wa tatu atanyamaza mpaka aulizwe, na utegemeo huo ulikuwa sehemu ya bei aliyolipa. Kwa hiyo kimya cha yule wa tatu, kwa muda ule mfupi, kilikuwa deni.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba kosa hili kwa kawaida si la watu wenye tamaa. Mwenye tamaa huingoja zamu yake kama paka mlangoni pa panya; mwenye ree mbili mkononi hasahau kamwe ni nani anayesema kabla yake. Methali yasema mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini haimhusu mtupaji: yeye hana pupa, maana hana alichotumaini kula. Kosa lake hutoka pengine. Ameona kwamba hana fungu tena katika duru hii, naye amekata shauri rohoni mwake kwamba duru imekwisha. Yeye haoni kwamba imekwisha kwake tu.

Kungoja kwa mwenye karata nzuri ni hesabu. Kungoja kwa mwenye karata mbaya ni mapendo. Au, ikiwa neno hilo ni kubwa mno kwa meza ya karata, basi liitwe haki. Apaswa kuzishika karata zake kama mtu awezaye kuzicheza bado, kutazama katikati, kutoguna, kutoinua mkono, kwa ajili ya watu wawili ambao shindano lao halimhusu tena. Wala hakuna atakayemshukuru, kwa kuwa hakuna atakayejua kwamba alikuwa amekwisha kukata shauri. Ndivyo ilivyo hata barazani. Mzee akiinuka kwenda zake kabla ya neno la mwisho, watu hawasemi kwamba amechoka. Husema kwamba amekwisha kuhukumu, na wengine huanza kuhukumu kama yeye.

Huenda mtu atapinga hivi: mchezo huu ni mchezo wa hila. Mtu wa kwanza katika mfano alikuwa akitisha watu kwa karata tupu. Je, mdanganyifu ana haki gani ya kudai adabu kwa wenziwe? Akiibiwa na haraka ya mtu wa tatu, si amelipwa kwa haki?

Pingamizi hili lina nguvu, lakini lachanganya mambo mawili. Dau si ushahidi. Mwenye kuweka franki 50 mezani hasemi, "Ninazo karata nzuri." Asema tu, "Hizi hapa franki 50. Mnitazame kama mpendavyo." Wote walioketi pale wajua kwamba tendo hilo laweza kuficha kitu chochote, wamekubali, na wao wenyewe hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1944 wataalamu John von Neumann na Oskar Morgenstern, katika kitabu chao kikubwa juu ya michezo na uchumi, waliichunguza poka kwa hesabu, wakaonyesha kwamba kutisha kwa karata dhaifu mara kwa mara ni sehemu ya kuicheza vizuri: asiyetisha kamwe, siku akipata karata nzuri hakuna atakayemlipa. Uwongo huvunja imani ambayo mtu amempa mwenziwe. Na juu ya nguvu ya karata hakuna aliyeombwa imani yake.

Lakini juu ya zamu imeombwa, nayo imetolewa na wote. Hakuna atazamaye kando kwa hofu kwamba jirani yake atasema kabla ya wakati. Na hapa ndipo anapotokea mtu mbaya kuliko mtupaji mvivu: yule ajifanyaye amesahau. Ana karata nzuri sana, na mwenziwe aliye mbele yake bado anafikiri. Ghafula agonga meza na kusema, "Naacha ipite," kusudi mwenziwe amwone dhaifu na kuweka dau. Au ana karata dhaifu, basi ajishikisha fedha na kuinyosha mikono kana kwamba ataweka dau kubwa, kusudi mwenziwe aogope na kuiacha zamu ipite bure. Kisha asema, "Samahani, sikuona kwamba bado hujasema." Huyo amedanganya kweli. Ile hila ya mtu wa kwanza ilikaa ndani ya mchezo. Hila ya huyu imeutumia mpaka wa mchezo wenyewe kuwa mtego.

Tena, kwa macho, matendo ya hao wawili ni yale yale. Mvivu na mwerevu wote wawili wamesema kabla ya wakati, wote wawili wasema samahani. Msimamizi wa meza hana dirisha la kuchungulia mioyo yao. Atafanyaje?

Tangu mwaka 2001 kuna chama cha wasimamizi wa mashindano ya poka, kilichoanzishwa Marekani kusudi kupatanisha sheria zilizokuwa zikitofautiana nyumba kwa nyumba. Amri yao juu ya jambo hili imepangwa kwa akili. Mtu akitenda kabla ya zamu, mchezo hurudi kwa yule aliyerukwa, naye hutenda kama kawaida. Ikiwa aliyerukwa ameacha ipite, au amelipa tu, au ametupa karata, basi hali ya mambo haikubadilika kwa yule aliyetangulia, na tendo lake la haraka humfunga: alilosema ndilo atakalofanya. Lakini aliyerukwa akiweka dau au kuliongeza, hali imebadilika. Fedha za mwenye haraka hurudishwa kwake, naye huchagua upya. Kwa hiyo yule ajifanyaye dhaifu kusudi amvute mwenziwe aweza kumvuta bado, na ndiyo sababu msimamizi huwa na adhabu nyingine mkononi: onyo, kukosa duru kadha, na kwa mwenye kurudia, kutolewa katika shindano.

Lakini mwenye kuzitupa karata kabla ya wakati harudishiwi kamwe. Zimetupwa, zimetupwa. Wengine huona hapo ukali, kwa kuwa kati ya makosa yote hilo ndilo lenye ujinga zaidi na hila kidogo zaidi. Hata hivyo amri hiyo ni nzuri. Kama mtu angeweza kuzitupa karata, kuona wenziwe wanafanya nini, kisha kuziokota, kutupa kwenyewe kungegeuka hila. Na adhabu za meza, zikitazamwa vizuri, hazikuwekwa kupima moyo wa mkosaji. Zimewekwa kumkinga mtu wa kwanza, yule asiyetazamwa na mtu. Moyo wa mkosaji ni kazi ya dhamiri yake mwenyewe, naye peke yake ajua kama samahani ile ilikuwa ya kweli.

Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba hata kucheza kuna fadhila yake, kwa sababu roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake. Alitaka mambo matatu yaangaliwe: raha isitafutwe katika jambo baya au la kudhuru, mtu asipoteze utulivu wa akili yake, na mchezo ulingane na mtu, wakati na mahali. Neno la mwisho lagusa poka sana. Aliyeleta mezani fedha ya chakula cha watoto wake amekwisha kukosa kabla karata hazijagawiwa, wala hakuna adabu ya zamu iwezayo kulitengeneza kosa hilo. Lakini waliokubaliana kucheza kwa kiasi wasichokihitaji, hao wameingia katika mapatano, na mapatano yana haki zake hata yakiwa ya karata.

Kuna mahali ambapo zamu haiwezi kuvunjwa kabisa, nako ni kwenye intaneti. Huko mashine huonyesha mahali pa kubonyeza wakati wa zamu tu. Na akitangulia kuchagua, mashine huutunza uchaguzi wake pasipo kumwonyesha mtu mpaka saa yake. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata nafasi yake kwa mashindano ya intaneti yenye kiingilio kisichofika dola 100, aliwashinda watu 838 huko Las Vegas akachukua dola 2,500,000. Habari hiyo iliwaleta maelfu ya watu kwenye poka, na wengi wao mashine ndiyo iliyokuwa mwalimu wao wa kwanza. Walijua hesabu kuliko wazee. Walipoketi mezani penye watu, mikono yao haikujua kungoja, kwa kuwa hapo zamani haikuwa mikono yao iliyongoja. Hakuna aibu katika hilo. Lakini mtu asijisifu kwamba ana subira ikiwa aliyekuwa na subira ni mashine.

Kosa la upande wa pili, yaani kukawia kusudi, halihitaji maneno mengi. Zamu ya mtu ni yake, lakini si shamba lake la urithi. Katika mashindano mwenzi aweza kuomba saa ipigwe, na aliyekawia hupewa kama nusu dakika, kisha karata zake hufa. Mbaya zaidi ni yule aliyejua kwamba ameshinda, akazificha karata za ushindi ili mwenziwe afurahi kidogo kwanza, ndipo akazifunua. Hakuvunja amri yoyote wala hakumnyang'anya mtu hata franki moja. Wachezaji humchukia kuliko mwenye kuruka zamu, na chuki yao ina sababu.

Vivyo hivyo juu ya lugha. Katika mashindano watu huagizwa kusema lugha iliyotangazwa tu wakati duru inaendelea. Mahali wanapokaa watu wa makabila na mataifa mengi, amri hiyo yaeleweka upesi: wawili wakisemezana kwa lugha ambayo wa tatu haijui, hata wakisemezana habari za mvua, wa tatu hawezi kujua kwamba ni mvua.

Linabaki jambo la yule aliyerukwa. Zamani katika poka ya Marekani watu walipitisha alama kumwonyesha ambaye zamu ya kugawa ni yake, na asiyeitaka kazi hiyo alimpitishia jirani. Kutoka hapo Wamarekani walipata msemo wao juu ya mtu amsukumiaye mwenziwe mzigo wa kazi yake. Na Rais Harry Truman, aliyependa poka, tangu mwaka 1945 aliweka juu ya meza yake kibao kilichosema kwamba alama hiyo haivuki pale. Zamu basi ni haki, lakini ni kazi pia, na aliye nayo apaswa kuishika.

Amri za wasimamizi zasema hivyo waziwazi. Aliyerukwa lazima aseme. Mtu wa kulia kwake ameweka dau, mtu wa kushoto kwake amelipa bila kumngoja, anayefuata ameongeza, mwingine ametupa. Ikiwa alikuwa na nafasi ya kutosha kusema, "Ngojeni, ni zamu yangu," naye hakusema, matendo yale ya wengine husimama, na msimamizi huitwa kuamua karata zake zifanyiweje. Huenda zikahesabiwa kuwa zimekufa. Hapo husimama mtu mpole, karata zingali mkononi mwake, pengine karata nzuri kuliko zote za meza ile, naye haelewi amekosa nini. Msimamizi humwuliza kwa nini alinyamaza wakati watu watatu walipompita. Naye mara nyingi hujibu kwamba alinyamaza kwa ajili ya adabu.